Fistula, grafti au katheta: mishipa yako itaweza kuitengeneza ipi?

Figo zikifika ukingoni maswali humiminika kwa mpigo: dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, itafanyiwa wapi, siku zipi, nani atalipa. Swali la njia ya damu hupitiwa juu juu, na mara nyingi hujibiwa usiku wa dharura na daktari ambaye hajawahi kumwona mgonjwa. Nalo ndilo litakaloamua miaka inayofuata itakuwaje.

Mashine huvuta damu mililita 250 hadi 400 kila dakika, kwa saa nne hivi, mara mbili au tatu kwa wiki. Vena ya kawaida ya mkononi, ile wauguzi wanayoitafuta watundike dripu, haitoi hata robo ya kiasi hicho. Ikivutwa kwa nguvu hunywea na kujifunga. Lazima basi itengenezwe njia nyingine, na zilizopo ni tatu. Fistula (hii si ile ya uzazi) ni ateri na vena ya mkono zilizoshonwa pamoja. Grafti ni bomba laini la plastiki linalopitishwa chini ya ngozi kuunganisha ateri na vena zisizofikiana. Katheta, ambayo wodini huitwa mpira, ni neli inayoingia kwenye vena kubwa ya shingo na kuteremka mpaka karibu na moyo.

Wengi huzilinganisha kwa operesheni yenyewe: ipi ndogo, ipi haina sindano, ipi inatumika kesho. Sisi tunaona ulinganisho wa maana ni wa kinachotokea baadaye. Zote tatu ni majeraha ya mshipa. La kwanza mwili hulijenga likawa mshipa mpya, la pili hulizungushia kovu, na la tatu mwili haupewi nafasi ya kulifunga.

Fistula

Daktari wa upasuaji huupiga mkono ganzi, akaitafuta ateri kwenye kifundo cha mkono au kwenye kiwiko, akaitoboa ubavuni tundu la milimita 5 hadi 10, akaishonea hapo vena ya jirani. Upasuaji huu ulitangazwa mwaka 1966 na Michael Brescia, James Cimino na Kenneth Appel wa New York. Kabla yao wagonjwa walitumia neli za Tefloni zilizobaki nje ya ngozi, alizozianzisha Belding Scribner huko Seattle mwaka 1960. Miaka hii yote bado fistula haijapata mshindani wa kweli, na sababu yake imo kwenye ukuta wa mshipa.

Ukuta huo una tabaka tatu. La ndani, linalogusana na damu, ni utando wa seli za endothelia, safu moja tu. La kati ni misuli laini na nyuzi za elastini zinazonyumbuka. La nje ni kolajeni, nyuzi imara, na humo mna vijishipa vidogo vinavyoulisha ukuta wenyewe. Endothelia huuhisi msuguano wa damu inayopita. Kabla ya operesheni ateri ya kifundo cha mkono hupitisha mililita 20 hadi 30 kwa dakika. Ikishaunganishwa na vena, siku hiyo hiyo huweza kupitisha 200 au zaidi. Seli za endothelia zikisuguliwa hivyo hutoa nitriki oksaidi, gesi ambayo ugunduzi wa kazi yake mishipani ulipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 1998. Misuli laini hulegea, mshipa hupanuka. Huo ni upanuzi wa dakika na saa. Katika wiki zinazofuata vimeng'enya hukatakata nyuzi za elastini na ukuta hujengwa upya kwa kipimo kikubwa zaidi, mithili ya maji ya masika yanavyojichimbia mfereji: yakizidi, mfereji hupanuka mpaka kasi itulie. Wakati huo huo vena iliyozoea shinikizo dogo mno sasa inasukumwa na damu ya ateri, na misuli yake huongezeka ili isipasuke. Upana na unene kwa pamoja ndio kukomaa.

Fistula iliyokomaa hupimwa kwa sita kadhaa: baada ya wiki 6 iwe inapitisha angalau mililita 600 kwa dakika, iwe na kipenyo cha milimita 6, na isizame zaidi ya milimita 6 chini ya ngozi. Pawepo pia kipande kilichonyooka cha kutosha sindano mbili. Vipimo hivi huchukuliwa kwa ultrasaundi, lakini mkono wa muuguzi mzoefu hukaribia sana majibu hayo. Fistula nzuri ikiguswa huvuma mfululizo, mvumo laini usiokatika. Ikiwa inadunda kwa nguvu badala ya kuvuma, kuna kizuizi mbele, upande wa bega. Inua mkono juu ya kichwa: ikinywea, njia ya kurudi moyoni iko wazi, ikibaki imejaa, haiko. Ukiibana kwa kidole sehemu ya juu na ile iliyo chini ya kidole isijae wala kudunda, basi damu haiingii ya kutosha, na tatizo liko kwenye ateri au karibu na kiungio, pale ateri na vena ziliposhonwa pamoja.

Fistula nyingi hukwama hapo karibu na kiungio. Tafiti za nchi mbalimbali zimeripoti kuwa kati ya asilimia 20 na 60 hazikomai bila msaada, na si kwa sababu ya uzembe. Vena ikichambuliwa kutoka kwenye nyama ili ifikie ateri, vijishipa vilivyokuwa vikiulisha ukuta wake hukatika. Kwenye kona ya kiungio damu haipiti kwa unyoofu. Huzunguka na kurudi nyuma, na endothelia iliyosuguliwa ovyo haitoi amri ile ile ya kupanuka. Misuli laini hutoka tabaka la kati, huhamia ndani na kuzaana, na njia ikazidi kuwa nyembamba. Huo nao ni ukarabati, ila umefanyika mahali pasipofaa. Ndiyo maana dawa za kuzuia damu kuganda hazilimalizi tatizo. Klopidogreli ilijaribiwa Marekani na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: ilipunguza fistula zilizoganda katika wiki za mwanzo, lakini idadi ya zilizokomaa zikatumika haikuongezeka. Kuganda na kusinyaa ni mambo mawili. Anayekuambia umeze aspirini mshipa ukue anayachanganya.

Kusinyaa kukigunduliwa mapema, katika wiki ya 4 hadi ya 6, mara nyingi kunaweza kupanuliwa kwa puto au sehemu ile ikakatwa na kushonwa upya juu kidogo. Kukiachwa mpaka mwezi wa sita, vena nzima huwa imeshadumaa. Kipimo cha wiki ya 4 hadi 6 ndicho wagonjwa wengi hukikosa, kwa kuwa uzi umetolewa, kidonda kimepona na mkono hauumi.

Mazoezi ya kubana mpira mdogo wa mkononi huanza kidonda kikishafunga, kwa kawaida baada ya wiki mbili: dakika tano hadi kumi, mara kadhaa kwa siku. Huongeza damu inayopita, kwa hivyo huongeza msuguano. Yanasaidia kiasi, hayaiokoi vena iliyokuwa nyembamba mno tangu mwanzo.

Kisha huja sindano. Kila kipindi ni matundu mawili. Anayekwenda mara mbili kwa wiki hutobolewa mara 208 kwa mwaka. Mara tatu, 312. Kila tundu hupona kwa utaratibu ule ule. Chembe sahani hunata kwenye kolajeni iliyofichuka, faibrini, nyuzi za damu inayoganda, huzifunga pamoja ndani ya dakika chache, kisha endothelia hutambaa kutoka kingoni na misuli laini huweka kolajeni mpya kwa siku na wiki zinazofuata. Kinachobaki ni kovu, na kovu halina elastini ya awali. Tundu likirudiwa pale pale kabla halijakomaa, ukuta hulegea na kuvimba kama chungu. Mgonjwa mwenyewe ndiye huomba "dunga hapo hapo, hapaumi", na kweli hapaumi, kwa kuwa pameshakuwa kovu tupu. Dawa yake ni kupanda ngazi: kila kipindi sindano isogee juu kidogo, mpaka mwisho wa kipande, ndipo irudi chini. Sindano ya kuvuta ikae angalau sentimita 3 kutoka kwenye kiungio, na ncha za sindano mbili ziachane sentimita 5 ili mashine isivute damu iliyokwisha kusafishwa. Fistula changa huanzwa kwa sindano nyembamba ya geji 17 na mwendo wa mililita 200 hadi 250 kwa dakika, kisha zilizo nene zaidi, 16, kisha 15.

Sindano ikitolewa, bana kwa vidole viwili dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Shinikizo liwe la kuzuia damu tu; mvumo usikike bado juu na chini ya vidole. Wanaofunga plasta ya kukaza mkono mzima hadi nyumbani huigandisha fistula yao wenyewe.

Grafti

Bomba la grafti hutengenezwa kwa politetrafluroethilini iliyotanuliwa, jamaa ya Tefloni, na kipenyo chake kwa kawaida ni milimita 6. Halingoji kukua, kwani limekuja na upana wake. Hungojwa wiki 2 hadi 3 tu, uvimbe wa mkono upungue na nyama ilishike bomba. Likidungwa mapema damu huvuja pembeni na kujaza handaki lote. Kuna grafti za aina ya pekee, zenye tabaka linaloziba tundu, ambazo hudungwa ndani ya siku moja hadi tatu.

Tatizo ni kwamba bomba haliponi. Kwa binadamu endothelia hutambaa kutoka kwenye mishipa iliyoshonewa sentimita 1 au 2 tu, ikasimama. Katikati hubaki plastiki tupu maisha yote. Tundu la sindano kwenye plastiki huzibwa kwa damu iliyoganda na kovu la nje, si kwa ukuta mpya, na likirudiwa mahali pamoja bomba huchanika. Kwa hivyo kupanda ngazi, ambako kwenye fistula ni busara, kwenye grafti ni lazima. Sindano huingizwa kwa pembe ya nyuzi 45, wima kuliko ya fistula ambayo ni 25 hivi, ili isilichane bomba kwa urefu.

Upande wa vena ndiko grafti hufia. Bomba gumu limeungana na vena laini, damu ya kasi inaipiga, na misuli laini huzaana pale pale kwenye mshono. Njia hupungua mwezi baada ya mwezi, kisha siku moja presha inashuka, au mgonjwa anaharisha, na bomba linaganda. Zaidi ya nusu ya grafti huhitaji kuzibuliwa au kupanuliwa kabla ya kutimiza mwaka. Uzuri wake ni kwamba grafti iliyoganda huzibulika kwa urahisi kuliko fistula, mradi ishughulikiwe ndani ya siku moja au mbili.

Puto lenyewe lieleweke. Hupanua kwa kupasua ukuta uliosinyaa, na mpasuko huo nao ni jeraha, nalo huponywa na misuli ile ile. Miezi michache baadaye kusinyaa hurudi. Maputo yaliyopakwa paklitakseli, dawa inayozuia seli kuzaana, yameonyesha kurefusha muda huo kwenye fistula, lakini si kila hospitali inayo. Anayechagua grafti ajue kuwa amechagua pia safari za kulipanua bomba, na ajiulize nani atazifanya na wapi.

Katheta

Faida yake haina ubishi: inawekwa leo, inatumika leo, haina sindano. Mtu aliyeletwa hospitalini kwa bodaboda akiwa na maji kifuani na potasiamu imepanda haambiwi asubiri wiki 6.

Zipo mbili. Ya dharura, isiyo na kola, huingia shingoni moja kwa moja na haitakiwi kupita wiki mbili. Ya kinenani ni ya siku chache tu. Ya muda mrefu hupitishwa kwanza kwenye handaki chini ya ngozi ya kifua, na ina kola ya kitambaa cha poliesta iliyofichwa ndani ya handaki. Nyama huota ndani ya kola hiyo kwa wiki 3 hadi 4, ikaishika neli na kuwafungia bakteria mlango. Ni hapo tu ambapo mwili hufanikiwa kuponya chochote kwenye katheta, na ndiyo sababu katheta changa hung'oka ikivutwa kidogo.

Ndani ya vena mambo ni tofauti. Neli husugua ukuta kwa kila pigo la moyo na kila pumzi. Endothelia hukwanguka, chembe sahani hunata, faibrini huivika neli ganda, na baadaye misuli laini na kolajeni huingia kwenye ganda hilo. Wakati wa dayalisisi utaona dalili: dawa inaingia vizuri lakini damu haivutiki, kwa sababu ganda linaziba mdomo wa neli kila inapovuta. Ukuta uliosuguliwa nao hunenepa, vena ikasinyaa. Neli ikitolewa, kusinyaa mara nyingi hubaki.

Hapo ndipo katheta inapoila fistula ya kesho. Mkono wenye fistula unarudisha mililita 600 au zaidi kila dakika kupitia kwapa na kifua. Zikikuta njia nyembamba, mkono mzima huvimba, vena za bega hujitokeza na sindano hutoka damu saa nzima. Vena ya chini ya mfupa wa mtulinga ndiyo inayoharibika vibaya zaidi, kwa hivyo katheta ya dayalisisi haiwekwi hapo ila pamekosekana kwingine. Shingo upande wa kulia ndiko kunakopendelewa kwa kuwa njia yake kwenda moyoni ni nyoofu. Ukiona daktari anataka kuipitisha chini ya mtulinga, una haki ya kuuliza kwa nini.

Maambukizi ya damu huipata katheta kuliko grafti, na grafti kuliko fistula. Homa na kutetemeka dakika chache baada ya mashine kuanza, ilhali mgonjwa alikuja mzima, kuchukuliwe kuwa katheta mpaka ithibitishwe vingine. Damu ipelekwe maabara kabla ya antibayotiki ya kwanza. Pwani watu hukimbilia kupima malaria wakaridhika. Pima, lakini usiishie hapo.

| | Fistula | Grafti | Katheta yenye kola |
|---|---|---|---|
| Huanza kutumika | wiki 6 hadi 12 | wiki 2 hadi 3 | siku hiyo hiyo |
| Mishipa inayohitaji | ateri mm 2, vena mm 2.5 | vena mm 4 | vena kubwa ya shingo |
| Husinyaa wapi | karibu na kiungio | mshono wa vena | ukuta wa vena ya kifua |
| Ikiambukizwa | antibayotiki kwa kawaida hutosha | mara nyingi bomba hutolewa | hutolewa au hubadilishwa |

Nani achague nini

Mwenye vena nzuri na muda wa kusubiri achague fistula, ianzie chini kabisa kwenye mkono asiouandikia. Ya kifundo ikifa, ya kiwiko bado ipo. Ukianza juu umejifungia ya chini.

Mwenye kisukari cha miaka mingi aangaliwe ateri kwanza. Ateri iliyojaa chokaa haipanuki hata ikisuguliwa vipi, na vena iliyoungwa nayo itabaki na njaa. Kwake fistula ya kiwiko ina nafasi nzuri zaidi ya kukomaa, lakini ina hatari yake: huweza kuunyang'anya mkono damu. Vidole baridi, ganzi, maumivu yanayozidi wakati wa dayalisisi au kidonda kisichopona kwenye ncha ya kidole ni dalili za kurudi kwa daktari wa upasuaji siku hiyo, si kliniki ya mwezi ujao. Mwenye moyo dhaifu naye apimwe moyo kabla. Fistula kubwa ya kiwiko huweza kufika lita 2 kwa dakika, na moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma lita 5 hivi kwa jumla.

Mwenye vena nyembamba kwenye kigasha asikate tamaa mapema. Ipo vena ya ndani ya mkono wa juu, iliyojificha chini ya utando unaofunika misuli, ambayo haijawahi kuguswa na dripu. Daktari huiunga na ateri, huisubiri ikomae wiki 4 hadi 6, kisha huiinua karibu na ngozi kwa operesheni ya pili. Ni kazi ndefu, lakini tunaiweka mbele ya grafti kwa mtu ambaye bado ana miaka mingi mbele. Grafti tungempa asiye na vena hata hiyo, au ambaye katheta imemshinda na hawezi kusubiri miezi mitatu.

Katheta peke yake, bila mpango wa kitu kingine, ina haki yake pia. Mzee aliyechoka ambaye miezi yake inahesabika, mwenye moyo usiohimili fistula, au anayengoja figo ya ndugu ndani ya wiki chache hana haja ya kupasuliwa mkono. Mwongozo wa Marekani wa KDOQI wa mwaka 2019 uliachana na msimamo wa fistula kwa kila mtu na kutaka mpango wa maisha wa kila mgonjwa. Tunaafiki, ila tumeona msimamo huo ukitumiwa kama kisingizio cha kumwacha kijana wa miaka 35 na mpira shingoni mwaka mzima. Ipo pia dayalisisi ya tumboni, isiyogusa mishipa kabisa. Kama kituo chako kinaitoa, iulizie kabla ya kukata shauri.

Wakati ndio huharibu hesabu zote. Chelewachelewa utapata mwana si wako: kipimo cha eGFR, kinachoonyesha figo zinachuja kiasi gani, kikishuka hadi 15 au 20 na kinaendelea kushuka, mtu apelekwe kwa daktari wa upasuaji wa mishipa, hata kama bado anajisikia mzima na mkojo unatoka. Ongeza foleni ya ultrasaundi, foleni ya chumba cha upasuaji na wiki za kukomaa, utaona miezi sita si mingi. Kwa Mombasa mzigo mkubwa wa hospitali za umma uko Coast General, ambayo hupokea rufaa za Pwani nzima, kwa hivyo barua ya rufaa ya mapema ina thamani. SHA, bima ya afya ya umma ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, iulize mambo matatu kabla ya kulazwa: je, operesheni imo kwenye kifurushi, je, bomba la grafti limo au unalinunua mwenyewe, na kulipanua kwa puto kunahesabiwa vipi. Jibu lije kwa maandishi.

Mkono wenyewe, kwa maisha ya hapa

Kuanzia siku figo zinapogundulika kuharibika, mkono mmoja utengwe. Hautundikiwi dripu, hautolewi damu, haupimwi presha. Dengi au malaria ikikulaza, mwelekeze muuguzi kwenye mgongo wa kiganja cha mkono wa pili. Dripu moja kwenye kigasha huacha kovu ndani ya vena ileile ambayo baadaye ingetakiwa kupanuka.

Fistula ikishawekwa, iguse asubuhi na usiku. Mvumo ukinyamaza, nenda saa hiyo. Bangili za kubana, saa, mikono ya buibui yenye lastiki, mkoba wa sokoni Kongowea uliotundikwa kwenye kigasha, kulalia mkono: vyote hupunguza mwendo wa damu, na damu iliyopungua mwendo haipanui mshipa. Kuumikwa na kukandwa na mkandaji kuwe kwa mkono mwingine au mgongoni, na muumikaji aambiwe kuwa unapewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Harusini, hina ya kawaida si neno, lakini piko isipakwe juu ya fistula. Rangi yake nyeusi huweza kuunguza ngozi ikatoka malengelenge, na ngozi hiyo ndiyo ukuta wa mwisho kati ya sindano na damu ya ateri. Sigara huiharibu endothelia moja kwa moja. Miraa na muguka hubana mishipa na kupandisha presha, halafu mtu husahau kula.

Joto la kaskazi lina lake. Mwenye katheta hutoka jasho, bandeji hubanduka kufikia adhuhuri, na bakteria huingia kwenye tundu la ngozi. Bandeji iliyolowa ibadilishwe siku hiyo hiyo na muuguzi, kwa klohexidini, dawa ya kuua vijidudu. Kuoga ni kuanzia kiunoni kwenda chini, juu ni kitambaa kilichokamuliwa. Maji ya kisima yasikaribie tundu. Bahari ni marufuku kabisa kwa mwenye katheta. Mwenye fistula ruhusa, matundu ya sindano yakishafunga, yaani si siku ya dayalisisi.

Ngozi juu ya uvimbe wa fistula ikianza kung'aa, kuwa nyembamba au kutoa kipele kisichopona, hiyo ni dharura kabla hata ya tone la damu. Ikipasuka, bana tundu lenyewe kwa kidole na kitambaa kidogo safi, kwa nguvu, mkono ukiwa juu, mpaka msaada ufike. Usiuzungushie leso wala taulo: vitambaa vinene hunywa damu, huificha, na shinikizo halifiki kwenye tundu.

Katheta inatolewa lini

Wengi wenye fistula huishi kwanza na katheta, na kuiacha "kwa usalama" baada ya fistula kukomaa ni kosa. Kila wiki inayokaa inaongeza kovu kwenye vena ya kifua na kutoa nafasi ya maambukizi. Fistula ikitumika kwa sindano mbili, vipindi vitatu mfululizo bila kuvimba wala kushindwa, omba tarehe ya kuitoa. Kola huchambuliwa kwa ganzi kwa sababu nyama imeota ndani yake; asiwepo wa kuivuta kwa nguvu. Mgonjwa alale chali, atoe pumzi au aizuie neli inapotoka, na shinikizo liwekwe mahali ilipoingia kwenye vena shingoni, si kwenye tundu la kifuani peke yake. Handaki lililokaa miezi huwa limejengewa ukuta wake na hewa inaweza kupita humo hadi moyoni, kwa hivyo hufunikwa kwa bandeji isiyopitisha hewa kwa siku moja hadi mbili, na mgonjwa hubaki amelala nusu saa kabla ya kuinuka.